Usimwambie Arudi Jumatatu: Mwongozo kwa Wazee wa Kanisa na Wahudumu wa Mlangoni

Jumapili, saa nne na nusu asubuhi. Ibada ya pili inaanza, kwaya imeshajipanga, na mlangoni amesimama mama aliyebeba mtoto mwenye homa kali. Anaomba nauli ya kufika hospitali na pesa ya dawa. Mhudumu anaujua utaratibu: maombi ya msaada hupokelewa ofisini siku za kazi, yakiwa na barua ya kiongozi wa jumuiya. Anamwambia kwa upole arudi kesho. Kanuni imefuatwa sawasawa, na mtoto bado anachemka.

Mwongozo huu unaeleza jinsi kanisa la Nairobi, liwe la mabati Mukuru au la mawe katikati ya jiji, linavyoweza kuamua mapema nani ana ruhusa ya kuvuka utaratibu, kwa haja gani, kwa kiasi gani, na aandike nini baadaye. Huruma isiyopangwa hutegemea mhudumu aliye zamu ameamka vipi siku hiyo. Akiwa mkarimu, mhitaji anasaidiwa. Akiwa mwoga wa kukemewa na wazee, anarudishwa.

Someni hoja, msisome mstari mmoja

Kabla ya kubadilisha lolote, kaeni kikao kimoja cha saa mbili na vifungu vinne: Marko 2:23-28, Luka 13:10-17, Marko 7:9-13 na Hesabu 9:6-13. Wazee wengi wanakijua kwa moyo kile kimoja, "Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato", lakini hawajawahi kufuatilia hoja iliyokizaa.

Katika Marko 2 wanafunzi wanavunja masuke shambani mwa mtu. Huo haukuwa wizi: Kumbukumbu la Torati 23:25 liliruhusu mpita njia kuchuma masuke kwa mkono, mradi asitie mundu. Ubishi ulihusu siku. Yesu hawajibu Mafarisayo kwamba Sabato haina maana. Anawapeleka kwa Daudi, aliyekula mikate ya wonyesho iliyokuwa halali kwa makuhani peke yao, kwa sababu alikuwa na njaa na haja. Ukifungua 1 Samweli 21 utaona kwamba kuhani alipolegeza sharti la mkate, alibakiza sharti jingine: aliuliza kama vijana wamejitenga na wanawake. Alipima ni lipi lipishe na ni lipi libaki, na hiyo ndiyo kazi mliyo nayo.

Luka 13 ndicho kifungu ambacho kanisa la mjini linakihitaji zaidi. Mwanamke amepinda mgongo miaka 18. Mkuu wa sinagogi anasema jambo linaloonekana la busara kabisa: kuna siku sita za kazi, njoni mponywe siku hizo. Mwanamke huyu hakuwa anakufa. Aliyengoja miaka 18 angeweza kungoja saa chache jua lichwe. Yesu anaikataa hoja hiyo na kutaja ng'ombe na punda wanaofunguliwa siku ya Sabato kupelekwa kunywa maji. Kwa hiyo msifundishe kwamba kanuni hupisha pale tu mtu yuko taabani. Ng'ombe hafunguliwi kwa sababu anakata roho. Anafunguliwa kwa sababu ana kiu na kamba iko mkononi mwako. Wahenga walishasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia siku zote ni la yule aliyeambiwa angoje.

Marko 7 inahusu sadaka. Mtu alitangaza mali yake kuwa Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa njia hiyo akaacha kuwatunza wazazi wake. Kwa maneno ya Nairobi: muumini ambaye mama yake amelazwa na bili inapanda kila siku, asihimizwe kumaliza zaka kwanza. Mwambieni waziwazi, na muweke katika kumbukumbu, kwamba mwezi huu pesa hiyo iende hospitali.

Hesabu 9 inaonyesha namna ya kufanya mabadiliko. Watu waliotiwa unajisi na maiti hawakuweza kula Pasaka, wakamlalamikia Musa. Hakuwafukuza, wala hakuamua kwa hamaki; alisema wangoje asikie neno la Bwana. Jibu likawa Pasaka ya pili, tarehe 14 ya mwezi wa pili, kwa aliyenajisika kwa maiti na aliye safarini mbali. Aliye safi na nyumbani, akaacha kwa uzembe, hakupewa nafuu hiyo. Kulegeza kwenu nako kuwe na sababu inayotajika.

Msidhani haya ni mawazo mapya ya makanisa ya kisasa. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo, sura ya 2, kinasimulia watu wapatao elfu moja waliouawa siku ya Sabato bila kujitetea, na Matathia na wenzake wakaamua baada ya hapo kwamba watajilinda hata siku hiyo. Waorthodoksi, wenye seminari yao Riruta, huuita ulegezaji wa namna hii ikonomia, utunzaji wa nyumba. Nao Wakatoliki wana Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ambayo kanuni yake ya mwisho kabisa, ya 1752, inasema wokovu wa roho ndio sheria kuu.

Orodhesheni kanuni zenu, kisha mziulize swali moja

Chukueni daftari na mwandike kila jambo ambalo mtu hukatazwa au kudaiwa kanisani kwenu: mavazi, kadi ya zaka, barua ya jumuiya, saa za ofisi, masharti ya ubatizo wa mtoto, ya mazishi, ya kushiriki meza ya Bwana, kufunga, kazi siku ya ibada. Mtashangaa ni ngapi hazijaandikwa popote. Mzee mmoja alizisema miaka mingi iliyopita, zikageuka sheria.

Kwa kila moja ulizeni: kanuni hii inamlinda nani? Msikubali jibu la "inalinda heshima ya kanisa". Tafuteni mtu. Kanuni ya watu wawili kuhesabu sadaka inawalinda waumini. Kanuni kwamba mtu mzima asikae peke yake na mtoto chumbani inamlinda mtoto. Hizi hazivunjwi hata kama aliyeko mbele yenu analia, na wapo wanaotumia machozi ili kuzivunja. Wekeni alama nyekundu kando yake. Kanuni ambayo hamkupata mtu anayelindwa nayo ndiyo itakayopisha kwanza haja ikifika.

Mfuko wa mlangoni

Kiini cha mpango wote ni pesa kidogo mikononi mwa mtu sahihi kwa wakati sahihi. Chagueni watu watatu kwa kila ibada, angalau mmoja awe mwanamke, na wasiwe wa kabila moja wala wa jumuiya moja. Katika Matendo 6, manung'uniko yalianza kwa sababu wajane wa kundi moja walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na waliochaguliwa wakawa saba, wote wenye majina ya Kigiriki. Somo hilo ni la Nairobi hasa.

Kwa kanisa la watu 200 hivi, anzeni na shilingi 10,000 kwa mwezi, zikae kwenye laini ya simu ya kanisa yenye M-Pesa. Mtu mmoja wa zamu aweze kutoa hadi shilingi 1,500 bila kumuuliza yeyote. Kati ya 1,500 na 5,000, wawili wakubaliane hapohapo kwa simu. Zaidi ya hapo, mweka hazina na mchungaji wajibu siku hiyohiyo. Kiwango kiwe kidogo makusudi: akidanganywa mtu mmoja, kanisa halitetereki, na hakuna atakayepata kisingizio cha kufunga mfuko.

Pesa isipitie mkononi pale inapowezekana. Dawa ilipiwe kwa till ya duka la dawa, bili kwa paybill ya hospitali. Nauli tu ndiyo itolewe taslimu. Sababu si kumshuku mhitaji. Kuna mke ambaye pesa ikifika nyumbani hunyang'anywa, na kuna mdai anayemngojea kijana nje ya geti.

Chakula na dawa hutolewa kwanza, maswali baadaye. Kodi ya nyumba na karo huchunguzwa kwanza, kwa siku mbili zisizozidi tatu, kwa sababu pesa yake ni nyingi na ndipo udanganyifu hujificha. Tofauti hii muifuate bila kuyumba. Ukimhoji mwenye njaa kabla hajala, majibu yake yatakuwa ya kukuridhisha, na hutajua ukweli. Mwenye njaa hana miiko, nanyi msimwekee.

Stoo ya kanisa iwe na mifuko minne tayari wakati wote. Kila mmoja: unga wa mahindi kilo 2 mara mbili, maharagwe kilo 2, mchele kilo 1, mafuta nusu lita, sukari kilo 1, chumvi, kiberiti na mche wa sabuni. Hicho ni chakula cha siku nne au tano kwa familia ya watu wanne. Maharagwe huhitaji moto mrefu. Kwa anayepikia mafuta ya taa ya kupimiwa, badilisheni na ndengu, ambazo huiva haraka.

Kwenye daftari andikeni tarehe, aina ya haja, kilichotolewa na sahihi ya aliyetoa. Msiandike ugonjwa wa mtu, hali yake ya virusi vya Ukimwi, wala habari za ndoa yake. Habari za afya na za familia zimo katika zile ambazo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazipa ulinzi wa juu, na daftari la kanisa husomwa na watu wengi. Picha ya anayepokea isipigwe.

Kufunga na makesha

Hapa ndipo kanuni imeua watu Kenya, na hatuwezi kupita haraka. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wakiwemo, walioambiwa wafunge hadi wakutane na Yesu. Kanisa lenu liko mbali na mafundisho yale, lakini jiulizeni kama kuna mtu kwenu anayeona haya kusema "mimi siwezi kufunga".

Kila tangazo la mfungo liandamane na orodha ya wasiofunga, isomwe madhabahuni na mchungaji mwenyewe, kwa sauti ileile anayotangazia mfungo: watoto, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari, wenye vidonda vya tumbo, wagonjwa wa figo, wanaotumia dawa za TB au za kupunguza makali ya virusi, na wazee dhaifu. Kanisa Katoliki lenyewe, sheria yake ya kufunga huwabana watu wa kuanzia miaka 18 hadi 59 peke yao, na mgonjwa pamoja na anayemuuguza hawabanwi hata na ile saa moja ya kutokula kabla ya komunyo.

Elezeni na sababu. Dawa za virusi humezwa saa ileile kila siku. Dozi zikirukwa, virusi hupata nafasi ya kuizoea dawa. Mwenye kisukari akimeza dawa au kudunga insulini kisha asile, sukari huporomoka. Akiacha insulini ili afunge, damu inaweza kujaa asidi ikamuua. Hata akikataa kula, asiache insulini bila daktari wake.

Kwenye kesha wekeni mezani sukari, maji safi na mtu aliyefundishwa. Mtu akianza kutetemeka, kutoka jasho baridi au kuongea ovyo, na mnajua ana kisukari, mpeni vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida mililita 150. Ngojeni dakika 15. Asipopata nafuu, rudieni. Akitulia, ale mkate au chochote cha wanga. Aliyezimia asitiliwe kitu mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mtafute gari. Kosa linalojirudia ni kudhani kutetemeka kule ni pepo na kumzunguka kwa maombi. Ombeni, huku mkono mmoja ukikoroga sukari.

Asiyefunga apewe namna nyingine ya kushiriki. Isaya 58 inaeleza saumu ambayo Mungu anaichagua: kumgawia mwenye njaa chakula chako, na kumleta nyumbani maskini aliyetupwa nje. Basi yeye ndiye abebe ule mfuko wa unga hadi nyumba ya jirani.

Familia inapokataa hospitali

Yapo makundi ya Kikristo jijini ambayo kwa imani yao hayatumii dawa. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa matibabu. Ongeeni naye, msimlazimishe. Kwa mtoto ni tofauti kabisa. Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na inampa haki ya matibabu. Mtoto asiyenyonya, asiyekojoa kwa saa nyingi, anayepumua kwa shida au aliyepata degedege haongojwi wazee wakae kikao. Pigeni 116, simu ya bure ya watoto, na mumpeleke. Kifungu cha 43 kinakataza hospitali yoyote kumnyima mtu matibabu ya dharura, kwa hiyo msingoje mchango ndipo mwondoke.

Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari njiani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa juu. Chumvi ikizidi inadhuru. Akirudi salama, saidieni familia kujisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kwa kubonyeza *147#, maana mara nyingi kinachoitwa imani huwa pia ni hofu ya bili.

Mwanamke aliyepigwa na mumewe aje chini ya kichwa hikihiki. Fundisho la kanisa lenu juu ya ndoa linabaki pale lilipo. Usiku huu analala wapi? Jibuni hilo kwanza. Simu ya bure ni 1195. Kikao cha upatanisho kisifanyike wiki hiyo, na kamwe wasiketishwe wawili hao pamoja akiwa bado na majeraha.

Mazishi

Marehemu hakuwa na kadi ya zaka, au aliishi na mwenzake bila harusi, au alijiua. Familia iko mochari, gharama ya kuhifadhi inahesabiwa kwa siku, na kamati inajadili kama kanisa litaenda. Kila siku ya mjadala inalipiwa na mjane.

Amueni leo, kabla hamjafiwa: kanisa litaenda kwa kila familia inayoliita. Kinachoweza kubadilika ni ibada itafanyika kanisani, nyumbani au makaburini Lang'ata, na nani ataiongoza. Jibu litolewe ndani ya saa 24. Deni la zaka lisitajwe, si kwa mzaha wala kwa fumbo. Kwa aliyejiua, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2282 na 2283, inakubali kwamba msongo mkubwa wa akili hupunguza dhima, na inakataza kukata tamaa juu ya wokovu wake. Mhubiri asiyeweza kusema hivyo apishe mwingine.

Kazi siku ya ibada, na mavazi

Muuguzi, mlinzi wa zamu ya usiku na dereva wa ambulensi wasiulizwe mbele ya watu walikuwa wapi. Kama wapo watano au zaidi, wawekeeni ibada fupi katikati ya wiki, saa kumi na mbili na nusu jioni. Mtindo wa Pasaka ya pili unafaa hapa.

Kuhusu mavazi, wekeni leso tatu safi mlangoni kwa anayeomba. Asiyeomba aingie.

Mahali mpango huu huvunjika

Mara nyingi huvunjika kwa uchovu. Wale watatu wanageuka kuwa watu wa kila shida mtaani, simu inalia usiku, na ndani ya mwaka wamejificha. Zamu iwe miezi mitatu, kisha mtu apumzike mitatu.

Pia huvunjika mdanganyifu wa kwanza anapojulikana. Mzee atasimama aseme, "Mnaona? Turudishe barua." Mwonyesheni daftari: wangapi walisaidiwa, shilingi ngapi zilipotea. Mdanganyifu apokee chakula akija tena, asipokee pesa.

Huvunjika kimyakimya mhudumu anapokemewa kwa kuvuka utaratibu. Mkemee mara moja tu, na wengine wote wataanza tena kusema "rudi kesho". Akikosea kwa upande wa kutoa, arekebishwe faraghani. Akikosea kwa kumrudisha mhitaji, mzee mmoja aende naye siku hiyohiyo wamtafute aliyerudishwa.

Kikao cha robo mwaka

Kila miezi mitatu someni daftari pamoja. Kanuni iliyovukwa mara tatu kwa sababu ileile iletwe mezani, iandikwe upya au iondolewe. Mkiiacha kwenye vitabu huku mkiivunja, itatumika siku moja dhidi ya mtu asiye na wa kumtetea. Kumbukumbu ziwe fupi, kwa mfano: "Sharti la barua ya jumuiya kwa msaada wa dawa limevukwa mara nne robo hii, kila mara kwa mtu asiye na jumuiya. Limeondolewa. Wahudumu wa mlangoni wajulishwe kabla ya Jumapili."

Kisha tangazo lisomwe katika ibada zote, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zinazotumika kanisani, wiki nne mfululizo, na libandikwe nje ya geti kwa herufi kubwa. Aliyerudishwa mwaka jana haingii ndani kusikiliza matangazo. Yeye hupita barabarani.